Mguu wa Mshona Viatu

4 Januari

Mpwa wangu Pua,

Hujambo huko? Mimi mjomba wako mzima, na nikisema mzima usianze kunipekua kama unavyowapekua wagonjwa wako. Meno ninayo bado ya kutosha. Paa linavuja palepale lilipokuwa likikudondokea wewe usoni, nami nimelihamisha beseni mara mbili tu mwaka huu. Kiwandani tumebaki wanne. Mashimo ya chokaa yananuka kama ulivyoyaacha, kwa hiyo hujakosa kitu. Msalimie mumeo dereva, na huyo mtoto wenu nisiyemjua sura. Mwambie ana babu huku, na ananuka.

Najua utauliza kwa nini sipigi simu. Kwenye simu siwezi kusema jambo bila kupayuka, na hili si la kupayukia mtaa mzima.

Ni hivi. Jirani yangu, yule mshona viatu, ana kidonda. Kiko kwa ndani, juu kidogo ya kifundo cha mguu wa kushoto. Mwezi wa Mei kilikuwa mkwaruzo wa nusu ukucha, leo ni kipana kama sahani ya kikombe. Pembeni ngozi imekuwa nyeusi na ngumu, katikati kuna uji wa manjano, na kinatoa maji mchana kutwa mpaka soksi inaganda. Akiivua, inakuja na vipande. Samahani kama unakula. Na harufu yake, lo! Mimi nimetengeneza ngozi miaka arobaini na moja, nimeingiza mikono kwenye kila uchafu unaotoka kwa ng'ombe, sijawahi kugeuza uso. Hiki nimekigeuzia uso. Kinanuka kama ngozi iliyosahauliwa kwenye mvua wiki nzima, halafu mtu akaifunua. Nzi wanamfuata kama wana miadi naye.

Nimemsaidia kwa ninachokijua. Tulianza na chumvi ya mawe, tukaja shabu, tukaja maji ya magome, kisha mguu tukauanika juani. Ngozi mbichi yoyote ukiifanyia hivyo inakaa miaka thelathini. Hii inakauka juu tu. Ukibonyeza, usaha unatokea pembeni.

Wewe si uko chumba cha vidonda, hospitali kubwa? Ninyi mnafanyaje? Niandikie, nitamsomea.

Mjomba wako

11 Februari

Shikamoo mjomba,

Sisi hatujambo. Barua yako ilifika mapema, aliyechelewa ni mimi. Mwenzangu wa zamu amejifungua, kwa hiyo chumba kizima kimeniangukia. Mtoto ametambaa hadi mlangoni na kula udongo wa kiatu cha baba yake. Baba yake yuko safarini na lori lake, anarudi wiki ijayo kama Mungu akipenda na lori likikubali.

Sasa huyo mshona viatu. Mjomba, nimeisoma barua yako nimesimama, nikakaa chini. Wiki hii peke yake nimetoa kwenye vidonda vya watu majivu, dawa ya meno, unga wa betri, kinyesi cha ng'ombe, na kwa mama mmoja kipande cha gazeti ambacho bado kilikuwa kinasomeka. Nikadhani nimeona yote. Kumbe kulikuwa na shabu! Mguu wa mtu si ngozi ya kushonea mkoba. Ngozi yako ya kiwandani imeshakufa, unachotaka ni isioze. Hii tunataka iishi, na kitu hakiishi kwenye chumvi. Inanitia kinyaa, mjomba, na bora nikuambie wazi.

Cha kwanza aende apimwe sukari, na daktari aguse aone kama damu inafika mpaka kwenye unyayo. Ukinieleza weusi ule wa pembeni na kuvuja kule, na mtu mwenyewe kazi yake ya kusimama, mimi nafikiria mishipa imechoka kurudisha damu juu, inabaki kutuama mguuni. Hapo dawa kubwa ni bendeji ya kubana, kuanzia vidoleni hadi chini ya goti. Lakini mtu asiibane kabla damu haijapimwa, maana kama haishuki vizuri, bendeji itaua mguu. Akikaa ainue mguu kupita kiuno. Kidonda kioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha kifunikwe kibaki na unyevu kidogo. Ndiyo, unyevu. Wapo wanaoweka asali iliyosafishwa ya hospitali. Wapo hata wanaoweka mabuu, mabuu safi ya kufugwa kwa kazi hiyo, yanakula kilichooza na kuacha kizima. Usiniangalie hivyo, si mimi niliyebuni. Kikikataa kabisa, wanamega ngozi nyembamba kwenye paja na kuipandikiza.

Ule uji wa manjano nao lazima utoke, kwa sababu chini yake hakuna kinachoota. Hiyo ndiyo kazi yangu mimi. Nakwangua kwa kisu kidogo, polepole, mpaka nione nyekundu na vitone vya damu. Hapo ndipo najua nimefika. Daktari wetu anasema nina mkono. Nafikiri nimeutoa wapi huo mkono, nacheka.

Nimefunga shashi na bendeji kwenye kifurushi hiki. Likizo bado sijapangiwa.

Mpwa wako

1 Machi

Pua wangu,

Kifurushi kimefika, ahsante. Sisi wazima, mvua imenyesha, na paka wa jirani amezalia ndani ya kiatu changu cha kazini, nimemwachia. Mtoto akila udongo mwacheni, wewe ulikuwa unakula chokaa ya ukutani na bado ukawa nesi.

Barua nimemsomea mshona viatu. Amekataa nusu na mimi nimekataa nusu nyingine. Unyevu? Hivi mlisomeshwa na nani? Kitu chenye maji kinaoza, hilo hata paka huyu analijua. Na mabuu! Kiwandani buu akionekana kwenye ngozi, ngozi inafukiwa na fundi wake anachekwa mwaka mzima. Leo nimwambie mtu ayaalike mwilini mwake kama wageni? Nilitema mate nikiisoma.

Hospitali ya hapa alikwenda. Alikwenda mara moja, mwezi wa Novemba. Alipoketi kwenye benchi, benchi likabaki lake peke yake. Binti wa mapokezi akafunga mdomo na pua kwa kiganja, akamwambia asubiri nje, chini ya dirisha. Akasubiri. Wakaita watu wote, yeye hawakumwita. Akarudi nyumbani. Hatakwenda tena, usinisumbue juu ya hilo.

Simlaumu yule binti. Wewe mwenyewe miaka minane uliyokaa kwangu, tangu mama yako, dada yangu, afariki, ulikula chakula chako kizingitini, sahani mapajani, uso umeelekea barabarani. Nilikuwa nakuchungulia nacheka. Ndipo nikakuita Pua.

Lakini la kukwangua tumelielewa sana. Hiyo kazi naijua kabla hujazaliwa! Kutoa kilichooza upande wa nyama bila kutoboa ngozi, nani wa kunifundisha? Jumamosi tutaifanya. Kisu nimekinoa.

Mjomba

29 Machi

Mjomba, shikamoo.

Huku wazima. ASIGUSE HICHO KISU. Nimeandika kwa herufi kubwa ili uzione hata bila miwani.

Kukwangua kunafanywa na aliyefunzwa, kwa kisu kilichochemshwa, mahali ambapo damu ikikataa kukatika kuna wa kuikata. Kisu chako kimepita kwenye matumbo ya ng'ombe wangapi? Kosa ni langu, nilijisifu. Nilikuandikia kama naandikia nesi mwenzangu.

Nieleze haya, tafadhali: mguu una joto? Wekundu umefika wapi? Anatetemeka? Weka karatasi laini ya nailoni juu ya kidonda, chora ukingo wake kwa kalamu, osha nailoni kwa sabuni, nitumie. Ndivyo tunavyojua kama kinakua. Na kama ana homa aende hospitali leo, hata wakimweka chini ya dirisha. Awapigie kelele.

Ningekuja mwenyewe kumwona huyo mshona viatu wako, ila likizo ni ngumu na mtoto ananyonya.

Mpwa wako

6 Aprili

Mpwa wangu,

Huku salama kiasi. Paka wamefumbua macho.

Barua yako ya kukataza imekuta kazi imekwisha, mwezi sasa. Nakueleza kwa sababu umeuliza. Alikaa juu ya gogo la kukwangulia, mguu juu ya kiti. Kisu kikubwa cha mikono miwili hakifai mtu kujikwangua mwenyewe, kwa hiyo alitumia kile kidogo kilichopinda, cha kusafishia kingo. Uji ulitoka kama mafuta ya shingo ya ng'ombe, kwa mikunjo. Alikwangua mpaka akaona nyekundu. Akaona vitone, kama ulivyosema. Ila mtu akiwa fundi haachi kwenye vitone, anataka pawe laini, sawa pote. Akaendelea. Damu ikajaza kiatu. Akafunga kwa ukanda wa ngozi mbichi, maana bendeji zako ziliona haya mapema, zililowa zikaisha.

Siku ya tatu harufu ikabadilika. Ikaingia utamu ndani yake, utamu wa kuchefua, na ndio uliomtisha kuliko uvundo. Jana kafungua ukanda, akakuta mabuu kumi na moja. Si yale yenu ya kufugwa, haya yamekuja yenyewe. Aliyatoa moja moja kwa njiti ya kibiriti huku anatapika. Wekundu umefika gotini. Anatetemeka, ndiyo. Mguu una joto la kuivisha yai.

Mchoro huu hapa, nimeuosha. Usiuweke karibu na mtoto.

Hospitali hataki. Anasema afadhali afe na harufu yake mwenyewe.

Mjomba

8 Aprili

Mjomba,

Leo sina salamu. Barua yako nimepewa asubuhi na kondakta, hii anakuletea yeye yule yule jioni, nami nakuja kwa basi la kesho.

Mshona viatu alikufa. Wewe mwenyewe uliniandikia, mwaka juzi. Ulisema mlimzika siku ya jua kali na kwamba hukulipenda jeneza.

Niliikumbuka barua hiyo nilipofika mstari wa tatu wa ile ya Januari. Nikakaa nayo wiki tano, nikakujibu habari za mtu aliyekufa, nikakuuliza hali ya mguu wa maiti, na nikakufungia bendeji zake. Ya Machi ilikaa kwenye mkoba wangu siku kumi na saba bila kufunguliwa. Nilikuwa naisikia mle ndani kila nikitafuta funguo. Nilijitia hamnazo, mjomba. Kama ni mguu wa mshona viatu, mimi ni nesi na naandika maagizo. Kama ni mguu wako, lazima nije, niingie mle ndani, nifungue ile soksi, niinuse.

Naosha vidonda vya watu thelathini kwa siku, watu nisiowajua, na nikitoka nakula mkate nikiwa nimesimama. Miguu ya wageni hainifanyi kitu. Nikawaza wako nikashikwa na kinyaa kitandani kwangu, mbali hivi, kwenye shuka safi. Najichukia kwa hilo. Yule binti wa mapokezi aliyekuweka dirishani nilimlaani, kisha nikaona mimi nimekuweka mbali zaidi.

Usiguse kitu. Usikwangue, usianike, usitie chochote. Lala, inua mguu, kunywa maji, acha mlango wazi. Na kama kuna mtu mwenye gari akakupeleka hospitali kabla sijafika, nenda, nitakufuata huko.

Mpwa wako

2 Julai

Pua wangu,

Hujambo, na mumeo hajambo, na mtoto hajambo? Mwambie picha yake nimeipata. Ana paji la uso la dada yangu. Mimi nimeruhusiwa tangu Jumatatu, naandika mguu ukiwa juu ya viti viwili na mto, kama mfalme asiye na kazi.

Habari za mguu kwanza, maana najua unarukia huko. Bendeji ya kubana wanaifunga upya mara mbili kwa wiki. Kile kiraka walichonitolea pajani kimeshika robo tatu. Pembe moja ilikufa ikawa nyeusi, wakaitoa, pamebaki tundu la ukubwa wa ukucha wa dole gumba, na ndani yake ni pekundu. Nilimuuliza daktari wa upasuaji alimega unene gani na kama aliivuta ngozi kabla ya kuilaza, akadhani naweweseka. Nikamwambia kwa kazi ile ningempa cheti cha mwaka wa pili. Alicheka mpaka akaketi. Ni yule yule aliyetaka kukata chini ya goti siku ile, wewe ukamshika mkono ukimwambia ampe siku tano za dawa za kupitia mshipani kwanza. Zilinitosha nne.

Kiwandani basi. Wamesema nikisimama tena kwenye maji yale kutwa, kitafunguka. Nimewapa wale watatu visu vyangu. Kile kidogo kilichopinda nimekitupa chooni.

Binti wa mapokezi yupo palepale. Sasa ananisalimia, kwa sababu sinuki. Nami naitikia, lakini simpendi, nisikudanganye.

Umeniandikia mara mbili tangu urudi kwako, na mara zote mbili unaomba radhi kwa lile la nyuma ya nyumba. Sikujibu kwa sababu mwenye homa anaruhusiwa kunyamaza. Leo sina homa.

Kwanza la kwangu. Unajua kwa nini nilimfufua mshona viatu? Si kwa aibu peke yake, ingawa aibu ilikuwepo, ilikuwa imejaa nyumba. Nilifikiri hivi: ukiukimbia mguu wa mshona viatu, umemkimbia mshona viatu. Mimi nisingekuwa nimekimbiwa. Nilikupa mlango wa kutokea, ukautumia, na kila barua yako ilipochelewa nilijiambia, haya, si mimi. Kwa hiyo tulikuwa wawili kwenye uongo ule, usibebe peke yako.

Sasa hilo lako. Siku ile uliingia ukanisalimia shikamoo na mkono ukanipa, sawasawa. Ukapiga magoti, ukakata ukanda, ukaona. Sikuwa nakutazama mguu, nilikuwa nakutazama wewe. Rangi ilikutoka, ukasema "Naja sasa hivi, mjomba," sauti yako ikiwa nyembamba, ukatoka kwa mlango wa uani. Nilikusikia ukitapika. Kuta zangu unazijua, hazifichi kitu. Ulitapika, ukanyamaza, ukatapika tena mpaka nikasikia huna tena cha kutoa, unalia tu. Mimi nikalala pale, mguu wazi, nzi wameshaurudia, nikajisemea imekwisha, hata huyu. Sikukulaumu, kwa kuwa mimi mwenyewe ningeweza kuutoka mguu ule ningeutoka zamani. Nikaanza kuvuta shuka niufunike.

Halafu nikasikia unajaza ndoo maji.

Mjomba wako